Mtazamaji Aliyekwenda Jikoni

Ikifika saa moja jioni, jengo zima lilijua kikao cha upinzani kimefunguliwa. Fundi viatu wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshakaa mbele ya runinga, kandambili moja mguuni, ya pili mkononi, na msomaji wa habari akifungua tu kinywa, naye anafungua chake. Waziri akisema, anamjibu waziri. Mkurugenzi akikata utepe, anamuuliza huo mkasi umenunuliwa kwa jasho la nani. Hata bwana wa hali ya hewa hakusalimika. "Mvua? Wewe unaijua mvua? Lini ulilowa wewe?" Majirani walimpa jina la Kiongozi wa Upinzani, watoto wa ngazini wakalikata likabaki Upinzani, naye wala hakununa. Aliona ndicho cheo pekee nchini ambacho hakigawiwi kwa kujuana.

Adui wake mkubwa alikuwa Idara ya Maji. Bomba la jikoni kwake lilikuwa na miaka minne halijatoa kitu, ukiacha siku moja lilipokohoa likatoa mende, tena mkavu. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akipanda zile ngazi hamsini na nne na ndoo kichwani na ndoo mkononi, asubuhi na jioni, mpaka mwaka juzi moyo wake ulipokataa. Daktari aliandika kwenye karatasi kwamba ni shinikizo la damu. Fundi alisema daktari ameandika kwa ufupi. Kwa urefu ni Idara ya Maji. Alilisema hilo hospitali, akalisema msibani, akataka kulisema na kaburini, shemeji yake akamvuta koti.

Marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kelele. Akiulizwa habari za wakubwa alijibu maneno mawili tu, "Wamelala hao," akajitwisha ndoo yake akaendelea.

Basi watu hao hao, badala ya kutengeneza mabomba, wakatengeneza tangazo. Ndani yake kuna baba mmoja mnene amekaa sebuleni anasoma gazeti. Sauti ya mkewe inatokea nyuma, mwenyewe haonekani: "Baba wee! Hebu jaribu bomba!" Yule baba anaweka gazeti, anakwenda jikoni, anafungua, na maji yanamwagika polepole, yanameta kama yamepakwa mafuta, huku kinanda kinalia na watoto wanaruka. Mwisho anatokea Mkurugenzi wa Maji na kofia ngumu nyeupe ambayo haijapata kuangukiwa hata na vumbi, anasema: "Maji ni haki yako. Fungua, ufurahi." Tangazo hilo lilirushwa mara mbili kila jioni, kabla ya habari na baada ya habari, kama dawa.

"Waongo!" Fundi alikuwa akipiga kelele, kandambili juu. "Hata hayo maji mmeyaazima!"

Sasa, fundi huyu alikuwa na mtoto mmoja, binti, yuko chuoni mwaka wa pili, anasomea habari na matangazo. Fundi mwenyewe aliishia darasa la sita, kwa sababu darasa la saba lilikuwa na mwalimu mkuu ambaye ni heri asitajwe. Alimpenda bintiye kuliko macho yake, ila masomo yenyewe hakuyaelewa. "Mimi nimetazama runinga miaka thelathini," alikuwa akisema, "na hakuna aliyenipa cheti."

Siku moja binti alishuka mpaka kwenye kibanda chake chini ya ngazi, mahali anaposhonea viatu, akakaa kwenye gunia la visigino.

"Baba, kazi yangu imerudishwa."

Fundi alitoa misumari mdomoni. "Imerudishwa na nani?"

"Na mhadhiri. Nilichambua tangazo la maji. Anasema nimetaja mbinu zote, picha ya karibu, muziki, mwendo wa polepole, lakini nimechambua kama mtu aliyelisikia kwenye simu. Sijasema mbinu zenyewe zinamfanya nini mtu aliyekaa kwenye kochi. Amenipa nafasi moja ya mwisho. Nikianguka, naondolewa chuo."

"Naijua hiyo. Ndivyo wanavyofanya, wanakutoa wewe wamuingize mtoto wa mpwa wa mtu."

"Baba, hakuna mpwa. Nilifanya vibaya."

"Hapo ndipo wanapotaka ufike, mpaka uone kosa ni lako."

Binti akaeleza. Alitakiwa achague mtazamaji mmoja, akae pembeni yake jioni kumi na nne, aandike dakika kwa dakika mwili wake unafanya nini tangazo linapopita. Mwisho wa yote, mtazamaji mwenyewe aje darasani, asomewe kila kitu mbele ya watu, aulizwe swali moja: unathibitisha? Akisema ndiyo, anatia saini na kazi inasahihishwa. Akisema hapana, kazi inatupwa. Kanuni hiyo iliwekwa baada ya mwanafunzi mmoja kuandika kurasa arobaini juu ya bibi yake anavyotazama tamthilia. Kazi nzuri, kila mtu aliisifu, mpaka ilipojulikana kuwa bibi alifariki mwaka mmoja kabla tamthilia haijaanza.

"Na wewe umemchagua nani?"

"Wewe, baba. Hakuna mtu anayetazama runinga kama wewe."

Fundi aliweka nyundo chini. Miaka hamsini na tisa ameishi katika nchi hii, amehesabiwa kwenye sensa, ametozwa, amepangwa foleni, na hakuna siku aliyoulizwa na yeyote anaonaje mambo. "Hatimaye," alisema, "kuna mtu anataka kujua ninavyofikiri."

"Siyo unavyofikiri, baba. Unavyofanya."

Lakini hilo la mwisho hakulisikia, alikuwa ameshaanza kufunga kibanda.

Jioni ya kwanza, binti alipotoka chumbani na daftari lake, alimkuta baba yake amevaa koti la harusi. Si koti tu, na tai, na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa mpaka runinga inaonekana ndani yake. Amenyoa. Amekaa wima kwenye kochi, mikono juu ya magoti, kama anasubiri kupigwa picha ya pasipoti.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nakwenda wapi tena? Natazama."

Tangazo lilipopita, fundi alitikisa kichwa taratibu. "Picha ni nzuri," alisema kwa sauti ya redio. "Ujumbe umefika." Waziri alipoonekana, fundi alikunja midomo na kusema, "Tumsikilize kwanza." Bwana wa hali ya hewa alishukuriwa.

Jioni ya pili ikawa hivyo hivyo. Jioni ya tatu akaongeza kalamu mfukoni. Hapo ndipo alipoingia shemeji, mdogo wa marehemu mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma mkokoteni wa maji na kuyauza mitaani. Mabomba yakikauka, yeye ndiye ananona. Alisimama mlangoni na dumu begani, akamtazama fundi kuanzia tai mpaka viatu.

"Nani kafa?"

"Kaa kimya, nasomwa," fundi alimjibu bila kugeuza shingo.

"Dada yangu aliolewa na koti hilo miaka ishirini na sita iliyopita, na hata siku ile halikufunga kifungo. Leo limefunga! Shemeji, hebu pumua tuone."

"Mwambie huyu mchuuzi atoke, anaharibu elimu ya mtoto."

"Elimu gani? Mtoto anataka kujua nyani anakulaje ndizi, wewe nyani umeshika uma na kisu!"

Binti hakucheka. Kesho yake alipeleka kurasa za siku tatu kwa mhadhiri, zikarudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: *Mtazamaji huyu hayupo duniani.* Alimwonyesha baba yake. Fundi alisoma mara mbili, akajitazama mkononi kana kwamba anahakikisha.

"Mimi sipo?"

"Baba, mimi namtaka yule wa kila siku. Mwenye kandambili. Huyu askofu wa koti hata mimi simjui."

"Kwa hiyo wanataka kuniona nikiwa mshenzi."

"Wanataka kukuona."

Aliahidi kujaribu, ila kujaribu kuwa wewe mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kushona buti la jeshi. Jioni ya nne alitupa kandambili kwa adabu, ikaanguka karibu na mguu. Kilichomwokoa ni Mkurugenzi wa Maji. Katika habari za siku ile alihojiwa, akasema maji yapo ya kutosha, tatizo ni wananchi kuwa na tabia ya kuyatumia. Fundi alinyanyuka kama aliyekaa juu ya sindano yake mwenyewe. Tai ilikwenda huku, koti kule, kifungo kikaruka kikagonga kioo cha saa. "Tabia! Nioge mimi iwe tabia! Shuka hapa wewe mwenye kofia, shuka tukupandishe ngazi!" Kandambili ilipita juu ya runinga ikatoka dirishani. Binti aliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Alikuwa na furaha kuliko siku zote.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri. Fundi alisahau kuwa anatazamwa, akatukana kwa uhuru, akajikuna, akasinzia kwenye michezo. Binti alikaa kwenye kigoda pembeni, kimya kama maji ya mtungi, mkono tu ndio unaokwenda.

Jioni ya kumi na moja alitoka kidogo kwenda kuazima betri ya saa, daftari likabaki juu ya kigoda. Fundi aliona hapa ndipo pa kusoma hotuba zake. Alilifungua akitarajia kukuta jinsi alivyomjibu Waziri wa Fedha, jibu ambalo alijua halina mpinzani. Alichokuta ni hiki:

*Tangazo la maji, mara ya kwanza. Alisema "waongo". Alisimama. Alikwenda jikoni. Alifungua bomba. Halikutoa. Alisema "Bado!" Alifunga. Alirudi, akakaa.*

Chini yake:

*Tangazo la maji, mara ya pili. Alisema "wezi". Alisimama. Alikwenda jikoni. Alifungua bomba. Halikutoa. Alisema "Bado!" Alifunga. Alirudi, akakaa.*

Akafungua ukurasa wa nyuma. Vilevile. Wa nyuma zaidi. Vilevile. Kuanzia siku ya nne, kila jioni mara mbili, hakuna hata siku moja aliyoruka.

Binti aliporudi alikuta baba yake amesimama katikati ya chumba, daftari kifuani.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi? Mimi nitumwe jikoni na Idara ya Maji? Mimi?"

"Mara mbili kila siku."

"Labda nilikwenda kunywa maji."

"Kwenye bomba?"

"Labda nilikwenda kunyoosha mguu!"

"Na 'bado' ulikuwa unamwambia nani?"

Fundi alikasirika kama mtu aliyeshikwa. "Hizi ni fitina," alisema. "Wamekulipa. Wamekufuata chuoni, wamekupa kofia nyeupe. Futa hayo."

"Nikifuta sina kazi, baba. Hayo ndiyo kazi yenyewe. Tangazo linalomvuta anayelipenda, kila mtu atalieleza. Hili linamvuta anayelichukia kuliko watu wote."

"Hakuna anayevutwa hapa! Kesho utaona."

Kesho yake aliita shahidi. Shemeji alikaa kwenye kochi, mguu juu ya mguu. Fundi alileta kiti cha mbao kutoka kibandani, akakaa, akachukua uzi wa nta, ule wa kushonea soli za buti, akafunga kila mguu wake kwenye mguu wa kiti kwa fundo ambalo kiatu kinachakaa lenyewe liko palepale.

"Sasa," alisema, "tuone nani atakwenda jikoni."

"Na mikono tukufunge?" shemeji aliuliza. "Mimi nina kamba ya mkokoteni."

"Mikono ya kazi gani? Kwani natembea kwa mikono?"

Saa moja ikafika. Yule baba mnene akatokea na gazeti lake. Fundi alitazama kwa dharau, mikono ameikunja. Ile sauti ikatoka nyuma: "Baba wee! Hebu jaribu bomba!"

"Waongo," fundi alisema.

Akasimama. Kiti nacho kikasimama, kwa nyuma. Akainama mbele kama kobe na gamba lake, akaanza kwenda, ko, ko, ko, kiti kikigonga sakafu, akagonga meza, akapinda, akabana mlangoni, akajitoa kwa ubavu, akaingia jikoni. Walisikia bomba likifunguliwa. Likalia pumzi kavu. "Bado!" fundi alisema kule ndani. Bomba likafungwa. Ko, ko, ko, akarudi na kiti chake, akakaa, akakunja mikono.

"Mmeona?" alisema. "Sikwenda."

Shemeji alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye kochi. Alilala chali sakafuni, miguu juu, machozi yanatiririka masikioni, hawezi kusema ila kuonyesha kidole. Fundi alikifuata kidole mpaka chini, akaona kitambaa cha mlango wa jikoni kimening'inia kwenye mguu wa kiti chake.

Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Nileteeni kisu."

Zile siku mbili za mwisho hakuzungumza. Alikwenda jikoni, akarudi, akakaa. Kibandani aligongea watu visigino kwa hasira mpaka wengine wakaondoka warefu. Aliwaza hivi: darasani kutakuwa na watu sabini. Sabini hao wana baba zao, na mama zao, na simu. Kesho mji mzima utajua kwamba yule anayepigania haki ya maji chini ya ngazi, yule aliyesema msibani kwamba Idara imemuua mkewe, jioni anakwenda kwenye bomba lao kama ng'ombe aliyepigiwa mluzi. Na Mkurugenzi atasikia. Atacheka mpaka kofia imdondoke. Lakini akisema hapana, binti anafungasha. Alilipindua jambo hilo kushoto kulia, kama kiatu kisichojulikana kimeanzia wapi kupasuka. Mwisho akapiga moyo konde: atasema hapana. Mtoto atapata chuo kingine. Jina halipatikani dukani.

Bintiye hakumuuliza atasema nini. Asubuhi ya siku yenyewe alimpigia pasi koti tu, akashona kile kifungo.

Darasa lao lilikuwa chumba kirefu kilichokuwa maabara zamani. Chuo kilikosa vyumba, si unajua tena mipango yao, kwa hiyo wanafunzi wa matangazo walikaa kwenye meza zenye madoa ya tindikali, na pembeni, karibu na dirisha, kulikuwa bado na sinki kuukuu lenye bomba refu lililopinda shingo kama bata. Mhadhiri alikuwa mama mwembamba, miwani ameipandisha kichwani na kila mara anaitafuta. Alimpa fundi mkono. "Karibu, mzee wangu. Leo wewe ndiye mwalimu wetu."

Ni mmoja wao huyu, fundi alijikumbusha, ila mkono akaupokea. Shemeji naye alikuwa amekuja, hakuna aliyemwalika, mkokoteni ameuegesha nje chini ya dirisha na madumu yake matupu.

Binti alisimama mbele. Aliwaonyesha tangazo lote. Fundi alijishika kwenye meza kwa mikono miwili, akafumba macho, akakaza meno, akafaulu. Alikaa. Alishangilia moyoni.

"Nilidhani ni picha za maji," binti alisema. "Mtazamaji wangu hana maji, kwa hiyo nilidhani anavutwa na maji. Nikapima. Maji yakimwagika, yeye ameshafika jikoni, hayaoni kabisa. Nikadhani ni muziki. Muziki unaanza ameshasimama. Mkurugenzi je? Mkurugenzi anatupiwa kandambili." Darasa likacheka. "Ananyanyuka sehemu moja tu. Sauti ya nyuma. Hao waliotengeneza wamemficha yule mama makusudi. Ukimwonyesha sura, anakuwa mke wa yule baba mnene. Usipomwonyesha, kila mtu anamwekea sura ya kwake."

Hakumtazama baba yake.

"Nyumbani kwetu kulikuwa na mtu wa kuita hivyo. Kila jioni, kabla hajachukua ndoo kushuka, aliita kutoka chumbani, baba wee, hebu jaribu bomba. Na mtazamaji wangu alikwenda kila jioni, akajaribu, akamjibu, bado. Naye akasema wamelala hao, akashuka. Miaka miwili mizima. Mimi nadhani mtazamaji wangu hajui kama anakwenda kwa ajili ya tangazo. Mimi nadhani hata haendi kwa ajili ya tangazo."

Fundi alikuwa amefumbua macho.

Alikuwa hajalijua hilo. Mara zote hizo, na hajalijua. Alihisi kitu kinamshuka kutoka kifuani mpaka tumboni, kizito, kama ndoo inayoteremshwa taratibu isimwagike. Halafu hasira zikampanda, zile za kawaida, zikampa nguvu. Wamempandisha ngazi mpaka kafa, na sasa wameiba hata sauti yake ya kuitia!

"Ahsante," mhadhiri alisema, akiitafuta miwani. "Sasa, mzee, tunakuuliza wewe. Umesikia yote. Unathibitisha?"

Fundi alisimama. Watu sabini walimgeukia. Alisafisha koo. Lile hapana lilikuwa tayari mdomoni, amelibeba tangu nyumbani, lakini sasa lilikuwa na ladha nyingine.

"Mimi," alianza, "ninavyojulikana mimi..."

Binti, kwa kufuata utaratibu wa runinga, alikuwa ameipanga kompyuta irushe tangazo mara mbili. Mara ya pili ikafika.

"Baba wee! Hebu jaribu bomba!"

Fundi alinyamaza katikati ya neno. Akageuka. Akapita kati ya meza, mkono mmoja nyuma, watu wakivuta miguu kumpisha, akafika kwenye lile sinki, akashika bomba, akafungua.

Maji yakatoka.

Hayakutoka polepole, na hayakumeta. Yalitoka kwa kishindo, yakagonga sinki, yakamrukia kifuani, usoni, kwenye tai. Fundi aliruka nyuma, akatoa macho. Akayatazama. Akanyoosha kidole akayagusa. Kisha akageuza kichwa kuelekea mlangoni, kwenye korido ambako hakukuwa na mtu, akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"YAMETOKA!"

Binti aliziba mdomo kwa daftari.

"Yametoka," fundi alirudia, taratibu zaidi. Halafu akamgeukia mhadhiri, maji yanamdondoka puani, na Upinzani ukarudi kwa haraka. "Kumbe mnayo! Mnayo humu ndani mnasomea matangazo!"

"Bomba letu, mzee... ni moja na la nyumba ya Mkurugenzi. Anakaa mtaa wa nyuma."

Hapo ndipo darasa lilipovunjika mbavu. Walipiga meza, walipiga miluzi, mmoja akalia. Fundi alilishika bomba kulifunga kwa hasira ya miaka minne, na hasira hiyo ilikuwa nyingi kuliko bomba. Kichwa cha bomba kiling'oka kikabaki mkononi. Maji yakaruka mpaka dari. Mhadhiri alipanda juu ya meza na kompyuta kichwani. Fundi alivua kiatu chake cha kulia, akang'oa soli ya ndani, akaikunja, akaikandamiza kwenye tundu, akatoa uzi wa nta mfukoni.

"Usizibe!" shemeji alikuwa akilia dirishani, dumu kila mkono. "Shemeji, nakuomba kwa jina la dada yangu, usizibe! Pitisha huku kwanza!"

Fundi alimtazama. Akawaza. Akaachia soli kidogo. Yalijaa madumu kumi na mawili kabla fundo halijafungwa.

Karatasi ya kuthibitisha aliitia saini amelowa, kiatu kimoja, kidole gumba kimeacha alama kubwa kuliko saini. Chini kulikuwa na mstari wa maoni ya mtazamaji. Aliomba kalamu tena, akaandika polepole, akitoa ulimi: *Ni kweli nilikwenda. Sikutumwa na Idara. Idara bado wamelala.*

Mhadhiri aliisoma akiwa bado juu ya meza. Aliipata miwani yake, akaivaa, akaandika kwa wino mwekundu pembeni: *Mtazamaji huyu yupo.* Binti alifaulu, tena vizuri, na chuo hakikusikia tena habari ya kumwondoa. Barua ya kudai bomba ilikuja baadaye kwa fundi, akaitumia kufungia misumari.

Jioni ya siku ile saa moja ilifika kama kawaida. Fundi kwenye kochi, kandambili mkononi, koti limeanikwa dirishani. Binti alikuwa kwenye kigoda chake kwa mazoea, hana daftari. Baba mnene akatokea. Sauti ikaita.

"Waongo," fundi alisema, akasimama.

Safari hii alijua anakwenda. Alikwenda tu. Alipita mlango wa jikoni, akafungua bomba. Likavuta pumzi yake kavu, likanyamaza.

"Bado!" aliita.

Kutoka sebuleni binti akajibu bila kugeuka, "Wamelala hao!"

Fundi alisimama pale kidogo, mkono juu ya bomba. Halafu akalifunga vizuri, akarudi kumsubiri Mkurugenzi.